Kidonge Ndani ya Uji wa Mama Mkwe

Mama Selestina wa redio, shikamoo. Mimi niite Mama Ethel, niko Newala, nakusikiliza kila Jumamosi nikibangua korosho, na leo ni zamu yangu kuomba unisaidie maana nimekwama na sina wa kumwambia.

Mume wangu ni mwalimu, mtu mpole, hanywi, hapigi, lakini mwaka huu alikwenda semina Masasi akarudi na kisanduku cha vichupa na tiba inayoitwa homiopathi, na alivyonieleza ni kwamba kile kinachomletea mzima dalili fulani ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili zilezile, kwa hiyo kitunguu kinachotoa machozi ni dawa ya mafua, nyuki ni dawa ya uvimbe unaochoma, na mafuta ya ganda la korosho, haya haya yanayotubabua vidole, ni dawa ya malengelenge, ila huyatumii hivi hivi, unayazimua kwa maji, unatikisa, unachukua tone unazimua tena, unatikisa tena, mara nyingi sana, na kadiri unavyozimua ndivyo wanavyosema dawa inazidi nguvu, mwisho unadondoshea kwenye vipunje vya sukari. Chupa inatakiwa igongwe juu ya kitabu chenye jalada gumu, basi yeye anaigonga kwenye kitabu cha nyimbo cha kanisani, na mama mkwe akisikia ko, ko, ko huko chumbani anaitikia "Amina" akidhani mwanawe anaiombea.

Mama mkwe ana presha. Mume wangu alikaa naye mchana kutwa akamuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza, analalaje, anaota nini, anapenda joto au baridi, nini kinamtia hasira, bibi wa watu akalia kwa furaha, akasema, "Vidonge vya hospitali basi, mwanangu ndiye daktari wangu," vikafungiwa kabatini. Haikupita muda kichwa kikaanza kumgonga, macho yakaona ukungu, nikasema twende hospitali, mume wangu akasema, "Tulia, Mama Ethel, ugonjwa huzidi kidogo kabla ya kutoka," basi nisikufiche, niliogopa atapooza, nikavitoa vile vidonge nikawa nasaga kimoja kila asubuhi nachanganya kwenye uji wa karanga, naye anakunywa anasema uji wangu wa siku hizi mtamu.

Presha ikashuka. Mama mkwe alipopimwa, mume wangu alisimama kanisani akashuhudia, sasa watu wamejaa barazani kwetu, na mmoja wao ni jirani yangu Mwanne, anajichoma sindano ya sukari tangu usichana wake, naye ameniambia, "Kama Bibi amepona presha, mimi nasubiri nini? Chupa hii ya sindano ikiisha, sichukui nyingine." Na inakaribia kuisha. Nikisema ukweli namvua nguo mume wangu mbele ya mama yake, na mama mkwe hatakula tena mkononi mwangu, pengine watanirudisha kwetu Tandahimba. Nikinyamaza, Mwanne je? Nifanye nini, mama yangu?

JIBU

Marahaba, Mama Ethel. Kabla sijasema lolote, acha hizo korosho, nawa mikono, nenda kwa Mwanne umwambie asiache sindano. Redio iache inaongea, utanikuta. Na wewe dada unayejichoma sindano ya sukari, popote ulipo, usiiache kwa ushuhuda wa mtu yeyote. Siku chache tu bila sindano zinaweza kukuua.

Umerudi? Haya, sasa nikugombeze. Hofu yako ilikuwa ya haki, na huenda umemwokoa mama wa mwenzio. Lakini mtu mzima halishwi dawa kwa kificho kama kuku mwenye mdondo! Tena kuna vidonge havisagwi kabisa. Halafu ona kilichotokea: umekificha kidonge, sifa zote zikaenda kwa kichupa.

Mumeo simwiti tapeli, anaamini. Lakini aniambie, huko kwenu uraka, ile pombe ya mabibo, ukizimuliwa maji ndoo kwa ndoo, nani amewahi kulewa zaidi? Ukizimua mara nyingi hivyo, kwenye punje inabaki sukari tu. Waliopima tiba hii kwa makini, wagonjwa wengine wakipewa dawa na wengine sukari tupu bila kujua, hawakuona tofauti ya kuaminika. Malengelenge ya korosho hukauka yenyewe, mafua huondoka yenyewe. Presha haiondoki yenyewe. Na hilo la ugonjwa kuzidi kabla ya kutoka ndilo linalonitisha, maana mgonjwa akipata nafuu ni dawa, akizidiwa ni dawa, sasa lini atakimbizwa hospitali?

Hata hivyo kuna jambo moja alilofanya ambalo sitaki aliache. Alikaa na mama yake akamsikiliza. Wengi wetu tunawawekea wazee chakula, tunaondoka. Aendelee kumuuliza ndoto zake, ila aongeze swali moja: "Mama, umemeza kidonge?"

Leo hii mwambie mumeo mkiwa wawili, bila kejeli. Atakasirika, mwache akasirike. Mtu mpole unayemsifu hivyo hakurudishi Tandahimba kwa kumwokolea mama. Kisha mwende wote kwa Bibi mkamwombe radhi, mumpeleke hospitali mkaeleze yote, jinsi vidonge vilivyoachwa na jinsi ulivyovisaga. Kama vinamchosha, daktari anaweza kumbadilishia. Na kwa kuwa mumeo alishuhudia kanisani, arudi kusimama palepale.

Kesho asubuhi mpelekee Bibi uji mtupu, na kidonge kando kwenye kisahani, akione, aamue mwenyewe. Akinuna, shukuru kwamba yupo wa kununa.

La mwisho, mwanangu. Najua hapo ulipotoka kwa Mwanne ulimwambia asiache sindano, akakuuliza, "Mbona Bibi amepona?" nawe ukatazama pembeni. Rudi tena. Mwambie, "Bibi amepona kwa kidonge cha hospitali. Nilikuwa namsagia mimi."