Isale la Kumpelekea Elia

Jumanne jioni, Machame

Eti mtoro! Mimi nilimbeba Elia mgongoni kule vitani Uganda mpaka nikapigwa risasi ya mguu. Siku zote nilizolazwa hospitali, jalada langu la jeshi linasema nilitoroka.

Leo karani wa mjini kaniamkia vizuri, halafu akasema, "Babu, leta mwenzio wa kikosini ashuhudie, tutarekebisha."

Aliyebaki hai ni Elia tu, analima mpunga Mabogini. Hatusemeshani tangu nilipomwita mwoga kwenye harusi ya binti yake, mbele ya wakwe. Pombe ya mbege ilinizidi.

Nikamwambia mke wangu kesho nashuka kumwamuru aje. Akacheka. "Baba Neema, umwamuru wewe nani? Kata isale ukamwombe msamaha kama watu wengine."

Mimi! Sijawahi kumwomba mtu msamaha, hata mchungaji. Lakini nikifa hivi, wajukuu watazika mtoro.

Jani nimeshalikata, nimelifunga fundo. Huku kwetu Uchagani hakuna anayekataa msamaha ukiombwa kwa jani la isale, ila Elia ni mkaidi, karibu anishinde mimi.

Wakati wa kukamua nilijaribu kumwambia ng'ombe, "Nisamehe." Ikatoka kama amri. Nimerudia mara tatu, bado.