Ubao wa Kilo Sitini na Nane

Jumamosi, Juni

Kilo themanini, nilimjibu Kalala, muuza mitumba Mkongo wa Kensington, huku kusini mwa Afrika. Ubao wa kuteleza kwenye theluji huchaguliwa kwa uzito, na huo ndio uzito niliotaja mwaka jana, msimu kama huu wa baridi, kule milimani Lesotho, mimi na mke wangu Rehema tulipojifunza kwa mbao za kukodi.

Kalala akanipandisha kwenye mizani. Sitini na nane.

"Eish, papa! Kilo kumi na mbili uliziacha wapi?" Akacheka.

Hajui kwamba nilimzika Rehema Februari. Miaka thelathini naandika habari, na leo nimetoa takwimu bila kuihakiki.

Akanitolea ubao mfupi, laini, wa wanaoanza. "Huu ndio wako."

Sikuhitaji kuupima. Rehema alikodi wa urefu huo huo.

Nimeununua. Sina wa kwenda naye Lesotho.