Mfereji wa Kuonyesha Wageni

Jumamosi, usiku

Na nitafanya vivyo hivyo tena.

Tangazo lilisema maji yamo ndani ya nyumba. Ndiyo sababu tulihama Sarang'ombe kuja hapa Kabiro, kwani magoti ya mke wangu Rispa hayawezi tena kupandisha mitungi ngazini. Tulipokuja kuangalia chumba, mfereji ulikuwa mkavu. Keateka, msimamizi wa nyumba, akasema maji ya mgao huja Jumanne. Nani angeshangaa, Nairobi hii? Tukahamia.

Jumanne nyingi zimepita. Juzi niliufungua mfereji huo kwa spana. Nyuma yake ni saruji tupu, hakuna bomba lolote.

Leo keateka amewaleta vijana wawili waliooana karibuni kuangalia chumba jirani, akawaimbia wimbo ule ule wa Jumanne. Nikaingia, nikaung'oa mfereji wa humo ukutani mbele yao, nikamkabidhi mume.

"Eh! Buda, kwani hii ni ya picha tu?" akacheka.

"Mzee, utafanya nifutwe kazi," keateka akaninong'oneza.

"Vizuri," nikamjibu.

Vijana wakaenda zao. Jioni mwenye nyumba akapiga simu. Atamtuma fundi avute maji chumbani kwetu peke yetu, mradi ninyamaze. Nimekataa. Ama avute kwa wapangaji wote, ama nitawangoja wageni wake langoni.

Sheria najua iko upande wangu. Ninachoogopa ni kufuli yake mlangoni petu kesho, tukiwa kanisani.

Rispa alisikia mazungumzo yote. Akachukua mtungi mtupu, akashuka ngazi kwenda kuteka maji mwenyewe.