Mwito wa Mabalako

Jumatano, 15 Oktoba

Sauti moja tu. Tangu Jumapili haijanitoka.

Ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya kuimba, kwenye televisheni ya Butembo. Kinanda kilizimika katikati ya wimbo, na yule binti, Ngalula, alikuwa amefika juu kabisa. Hakuiachia ile noti. Aliishika peke yake, nyembamba, huku mpiga kinanda akihangaika na nyaya. Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Sijui niliiweka wapi.

Na Mumbere amepita pia! Mdogo wangu! Jumamosi ni yeye na Ngalula, wawili tu. Akishinda, atarekodi Kinshasa na kuingia shule ya muziki huko. Asiposhinda, anarudi kwenye pikipiki yake, kubeba abiria, akiimba ndani ya kofia ya chuma ambamo hakuna anayemsikia.

Nina furaha. Naandika tena: nina furaha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baba amepanga kila kitu. Kila namba ya simu ni kura moja. Unatuma jina la mwimbaji baada ya wote wawili kuimba. Wamama wengi wa kanisa hawajui kuandika message, kwa hiyo Jumamosi wataleta simu zao hapa kwetu Bungulu, na mimi nitawaandikia wote.

— Weye ulisoma, Mariette, Baba kasema. Mumbere iko mu mikono yako.

Vieux Onésime, mzee jirani mwenye groupe ya umeme na televisheni kubwa, naye alikuwepo. Anamjua baba wa Ngalula, mwalimu Mukendi. Serikali ilimtuma huku kutoka Kasaï, siku moja itamtuma kwingine, na binti atamfuata.

— Ule ni mugeni. Mumbere njo wetu. Donc, hakuna kufikiri!

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mumbere amepiga simu kutoka Butembo. Fainali kila mmoja ataimba wimbo mmoja kwa lugha isiyo ya kwao. Yeye amechukua Lingala.

— Kama wavivu wote, nikamwambia.

— Yaya, dada mukubwa weye! Mais ni Lingala ya muzuri.

Na Ngalula? Kinande. Lugha yetu! Nikacheka. Yeye hakucheka.

— Nilimusikia jana nyuma ya mulango, mu répétition, anajizoeza. Yaya... nilikaa chini. Chini kabisa, kwa simenti.

Kisha akaongeza: Baba asijue.

Jumamosi, 18 Oktoba

Fainali ilianza saa nane mchana, sababu ya couvre-feu: usiku hakuna ruhusa ya kutembea. Televisheni ya vieux Onésime imeletwa kwetu, groupe inanguruma nje. Sebule imejaa. Simu za watu ndani ya kikapu cha maharage, mbele yangu.

Mumbere alivaa koti la harusi la Baba. Aliimba vizuri. Vizuri sana, naandika hivi bila kusita. Wamama walipiga vigelegele mpaka watoto wakaamka.

Kisha Ngalula. Aliomba kinanda kinyamaze. Akasimama. Akaita jina.

Nikaganda. Ule ulikuwa wimbo wa kuitana! Huko Mabalako, tulikokuwa na mashamba kabla ya kukimbia vita, wanawake waliitana hivyo jioni, kilima hadi kilima. Mmoja anaimba jina la mwenzake, mwenzake anaitika kwa kuimba. Hakuna aliyeteremka kurudi nyumbani mpaka wote wameitika. Mwalimu Mukendi alifundisha huko Ngalula akiwa mtoto. Binti alisikia, akaweka moyoni. Mimi nilizaliwa ndani ya wimbo ule, na nilikuwa nimeusahau!

Aliimba jina, akaacha kimya. Mwimbaji mwingine angekijaza. Yeye alingoja, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza ng'ambo. Akaita jina jingine. Akangoja.

Na Koko akaitika.

Koko, mama ya Baba, ambaye tangu tukimbie hata kanisani anatikisa midomo tu. Aliitika televisheni! Kwa sauti yote, ameshika magoti yake.

— Koko, hapana, ile ni télé, hawakusikie! vieux Onésime akasema.

Hakuna aliyecheka. Ngalula akaita tena, Koko akaitika tena. Na kule Butembo, ndani ya ukumbi, tukaanza kusikia sauti za wanawake wazee kutoka kwenye viti, moja, kisha nyingine, mbali na kipaza sauti, zikiitika.

— Ee, Nyamuhanga, Mungu wetu, mtu alinong'ona nyuma yangu.

Sikujua kwamba mwanadamu anaweza kuchukua kimya na kukifanya nyumba, watu wote hao wakaingia.

Baba alizinduka wa kwanza. Simu, Mariette! Simu!

Nikaandika. Mumbere. Mumbere. Mumbere. Kila simu kama mwenyewe alivyotaka. Nilipofika kwa ya Koko, nikamwinamia sikioni nikauliza: yako nitume kwa nani? Macho yake yalikuwa bado maji.

— Kwa mujukuu wangu. Unaniuliza nini?

Nikatuma. Ikabaki yangu.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu

Matokeo ni kesho, baada ya ibada. Ukumbi ulifungwa mapema ili watu wafike kwao kabla ya couvre-feu.

Mumbere amepiga kwa simu ya Baba, nami nikiwa karibu. Hakuuliza kama aliimba vizuri. Aliuliza: yaya alisikiliza?

— Alisikiliza! Baba kajibu. Kura ya batu bote iko kwako!

Nimekuja chumbani. Upande wa pili wa ukuta Baba ana furaha. Amesema kabla ya maombi atasoma message za wote kwa sauti, simu moja moja, ili kila nyumba isikie yake na kuitikia. Ameanza na ya Koko.

Amina!

Niliandika Mumbere kwanza. Ni ukweli. Nikaliangalia jina la mdogo wangu, ninayempenda, nikalifuta herufi kwa herufi. Nikaandika Ngalula. Nikatuma.

Amina! Hiyo ni ya vieux Onésime.

Simu yangu nimeirudisha kikapuni pamoja na zingine. Ujumbe sikuufuta.