Taraza Iliyopinda

Jumatatu, 6 Oktoba
Maua sita ya uzi tangu asubuhi, mawili yamekaa upande. Sindano ni ileile niliyoshonea kofia za marehemu mume wangu, lakini mafundo haya ya Kituruki hayanitii. Ukikosea hulifumui. Unakata, unaanza upya.

Nermin, mama yake Elif, ananifundisha kwa video kutoka kwao Bursa. Mimi Kituruki sina, yeye Kiarabu hana. Tunaoneshana vidole tu. Wenyewe wanaiita oya, taraza ya maua ya kuzunguka ukingo wa mtandio. Kwao mzazi aliyetoka kujifungua huuvaa akipokea wageni wa mtoto. Elif, mke wa mwanangu Haitham, hajui kama namshonea yeye.

Alhamisi, 9 Oktoba
Elif anakwenda kujifungulia kwao. Nimeambiwa leo, tiketi imeshakatwa. Haitham anasema huku anatazama simu: "Mama, usitie moyoni. Atarudi." Nikamuuliza lini. Akaweka simu sikioni, akatoka.

Nimekasirika. Mjukuu wangu wa kwanza, nimwone kwenye simu! Na kuna hofu nisiyoisema mbele za watu: hatorudi. Arudie nini? Tangu aolewe, humu ndani hapa Hail, Maskati, ni salamu na kupishana jikoni.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimemaliza. Kona moja imepinda.

Nermin kanionesha bilauri ya maji, akatia sukari, akachovya taraza. Ndiyo maua yanavyosimama. Kofia mimi nazitia wanga, ila nimefuata. Sukari nikaizidisha, nikitaka yakae imara. Mtandio ulipokauka nimeukunja, nikauficha kwenye begi la Elif, chini ya nguo za mtoto. Kumpa mkononi sikutaka. Angetabasamu ile tabasamu yake ya adabu.

Nimeomba pia safari ivunjike. Astaghfirullah. Lakini nimeomba.

Jumanne, 14 Oktoba
Sisimizi. Begi zima.

Elif kafungua atie dawa zake, nguo nyeupe za mtoto zimekuwa nyeusi. Kapiga ukelele. Akauvuta mtandio, na kwa Kiarabu chake cha kukatikakatika akanipandishia sauti, mara ya kwanza: "Umefanya makusudi! Hutaki niende!"

Ningeweza kusema ni sukari, mama yako ndiye aliyenifundisha. Kilichonitoka ni kingine. "Sikukusudia. Lakini kweli, nnataka ubaki."

Haitham kalibeba begi nje. Elif kageuza uso. Tukazikung'uta nguo uani, sote watatu. Adhuhuri wakatoka kwenda uwanja wa ndege. Sijui kama mtandio kauchukua. Kwenye pipa la taka haumo. Nimeangalia.

Jumamosi, 1 Novemba
Elif hapigi. Nermin naye hapigi. Haitham ananiletea salamu ambazo nahisi anazitunga mwenyewe. Dada yangu kaja kutoka Mawaleh, mtaa wa jirani, ananambia niache kujitesa. Rahisi kusema. Naona aibu, na bado nina hasira.

Ijumaa, 12 Desemba
Mtoto wa kike. Wote salama. Alhamdulillahi.

Picha imeingia baada ya sala. Elif kitandani, mtandio wa hariri kichwani, taraza imenyooka. Kazi ya Nermin, sina la kusema. Mtoto kamlaza kifuani. Pembeni kakaa Nermin mwenyewe, na kichwani kwake ni mtandio wangu. Kona iliyopinda kaiweka mbele, juu ya paji la uso.

Chini ya picha Elif kaandika kwa Kiswahili, lugha yangu mimi, sijui kamuuliza nani: "Mama hataki kuvua. Atakuja nao Maskati, kutuleta nyumbani."

Chumba cha wageni kiyoyozi hakipoozi. Kesho namwita fundi.