Kinu cha Mama Barazani kwa Mzungu

Kwako mdogo wangu Mihayo, huko Kigoma,

Kinu cha mama kimepotea. Kilitoka uani kwetu Tabora wiki ya pili baada ya kumzika, na kabla mwezi mwingine haujaandama nilikikuta barazani kwa Mzungu mmoja, kimekatwa kitako, kimepakwa vanishi, kimejazwa udongo na maua mekundu. Sikubahatisha. Nilikipima mdomo kwa futi yangu, inchi kumi na tatu, na mkanda wa chuma alioupigilia baba kwenye ufa bado upo. Barua hii naituma bila bahasha. Atakayeishika na aisome.

Baba alikichonga aliporudi kubeba mizigo ya vita ya Mjerumani. Humo tulitwanga mimi na wewe, mchi wangu ukipanda wako ukishuka, nawe mfupi hata mama akakusimamisha juu ya tofali. Michi ilipogongana, mama alicheka, akasema, "Mwacheni, huyu anatwanga hewa." Ulinuna mpaka ugali ukaiva. Nikikumbuka uso wako wa siku ile, hasira inanishuka, kisha inapanda tena.

Kazi nilikufundisha mimi. Nilianza na kibuyu kimoja kilichopasuka. Nikapita vijiji vya njia ya zamani ya misafara nikinunua mitungi yenye nyufa, masanduku ya wapagazi, vigoda vilivyovunjika miguu, tukavigeuza vinara na meza za kupambia nyumba za watu. Bandani kwetu sheria ilikuwa moja: nikishakifudikiza chombo, mdomo chini, ni cha msumeno.

Lakini ua wenye msiba si banda. Siku ya maziko kinu kilifudikizwa kwa kuwa mwenyewe amefariki, kisitwangiwe kitu mpaka siku ya kuanua tanga. Siku hiyo ndipo kinainuliwa, unatwangwa unga wa kumtambikia mama. Hayo hukufundishwa na mimi, ulizaliwa ukiyakuta.

Ulimtuma mtu wa reli aniambie kwamba ulikiona kimefudikizwa karibu na banda, ukadhani ni kazi yangu, ukakikata ukakiuza, na kwamba shangazi alipokifudikiza wewe ulikuwa makaburini. Shangazi anasema mlikifudikiza pamoja, yeye mikono yake haiwezi mzigo ule. Na bibi wa nyumba ile alinieleza kwa furaha, akinimiminia chai, "Kijana wako alisema mwenyewe amekufa, hakidaiwi."

Chai ile sikuinywa.

Amekubali kunirudishia, lakini kinu kisicho na kitako hakitwangi. Jumamosi tunaanua tanga kwa unga wa kinu cha jirani. Shangazi hali, anasema tu kwamba mama ataombwa kwa unga wa kuazima kama mgeni. Mimi nitakaa mkekani nikijua kwa nini.

Ikiwa hukujua, ni kosa la kazi, njoo ukae karibu yangu. Ikiwa ulijua, usikanyage ua ule, wala siku nitakayozikwa mimi usije.

Usiniletee salamu wala maelezo. Siku ya maziko, mkono wako uligusa kinu kile kikifudikizwa au haukugusa? Mpe jibu yule mtu wa reli, neno moja tu, lifike kwa gari la moshi la Ijumaa.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.