Mikono Miwili ya Kushoto

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimerudi kwenye cherehani! Tangu titi liondolewe na zile dripu za kansa ziishe kule Mwanza, leo ndiyo mara ya kwanza nimeshinda dukani. Nikuze amelibeba duka muda wote huo. Nilimfundisha ushonaji mwenyewe, tangu mama yake alipohamia hapa Rugu kutoka Rwanda. "Shikamoo mama, karibu kwako," akasema. Nikalia kidogo. Halafu nikamwomba anipe kile – kile chembamba kinachochoma. Neno limekimbia! Sindano. Miaka yote hii nimeishika, leo inanikana kama Petro.

Jioni nikamsimulia mume wangu. Egbert akaingia chumbani, akatoka na mkuki wa marehemu baba yake. "Chembamba kinachochoma, Mama Jovin. Si hiki?" Mume huyu!

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Nimemwambia daktari ukweli wote: kichwa changu kikapu kilichotoboka. Naingia jikoni, nasahau nilichofuata. Ndizi zimeungua tena na tena. Niliogopa atasema kansa imepanda kichwani. Hapana! Kanipima, kaniuliza maswali mengi, anasema haoni dalili hiyo. Ni matibabu yale makali, huwaacha wengi hivi. Kwa wengi hupungua polepole, wengine hubaki nayo kidogo. Nilale vizuri, nitembee, nifanye jambo moja kwa wakati mmoja. Si wazimu, si kurogwa.

Egbert alikuwa nje na pikipiki, uso umemkauka. Akauliza, amesemaje? Nikamwambia nina ruhusa ya daktari kusahau!

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Kwenye Sala ya Bwana nimeomba mkate mara mbili. Labda nitapewa miwili.

Jumatano, 11 Juni

Nimesahau kilemba dukani, nikarudi kukichukua. Nikamkuta Nikuze anafumua shati nililoshona mimi, la Mzee Methodius wa kanisani. Mikono yote miwili ya kushoto! Na chini ya meza mfuko – sketi niliyoshona mimi, blauzi niliyoshona mimi, zote zinangoja kufumuliwa.

"Kumbe unanifumulia?"

"Mama, sikutaka watu wakuseme."

"Tangu lini?"

Akainama. Tangu siku niliyorudi. Nikamwambia basi duka ni lako, nikaondoka. Neno baya. Nilijua hata kabla halijatoka.

Nyumbani Egbert alikuwa anageuza kahawa juani. Hakunibembeleza. Alinipa reki, akasema nigeuze upande ule. Tukageuza. Baadaye ndipo akaniuliza: anayekufichia aibu yako, analitaka duka au anakutaka wewe? Nikaegesha reki ukutani. Mambo mengine hayahitaji kichwa kizima kuyaelewa.

Nikarudi. Macho ya Nikuze yamevimba. Nikalichukua lile shati, nikalivaa juu ya gauni. Mkono mmoja sawasawa, mwingine umejipinda kama unamkimbia mwenye shati! Nikuze akajizuia, akashindwa. Tulicheka mpaka jirani wa saluni akaja kuchungulia.

Nikamwomba radhi. Tumekubaliana: yeye anakata, mimi nashona. Na nikikosea aniambie pale pale, hata mbele za watu.

Jumamosi, 14 Juni

Makubaliano hayajamaliza wiki, majaribu haya hapa! Laurensia wa Bweranyange kaja na binti yake Benadeta anayeolewa. Gauni la Laurensia la harusi nililikata mimi. Sasa anataka la binti likatwe na mkono ule ule. Kitambaa kimetoka Kampala, lesi nzuri kama povu la maziwa, na hakuna kingine. Nilipaswa kusema Nikuze ndiye mkataji siku hizi. Nikasema sawa. Mkono uliutamani ule mkasi!

Nikuze akawa anasoma vipimo, mimi nachora kwa chaki. Mabega, vizuri. Kiuno, vizuri. Halafu – giza. Hiki nilichochora ni kifua au mgongo?

Nikaweka mkasi chini. "Mama Benadeta, nimesahau. Dawa za kansa zimeondoka na kipande cha kichwa changu. Sijui hapa ni mbele au nyuma."

Benadeta akamtazama mama yake. Nikasema moyoni, sasa wanakunja kitambaa chao.

Laurensia akavua viatu, akavuta stuli. "Hilo tu? Nilidhani umepata tatizo. Chai ipo?" Kisha akamgeukia Nikuze: wewe unajua ni upande gani?

"Najua," akasema Nikuze. "Lakini tumwachie kwanza."

Benadeta naye akajipiga kifuani: "Mbele ni huku, mama, kama ukihitaji kuangalia!" Tukacheka sote.

Naandika haya kwenye kona ya meza, wao wanakunywa chai. Hakuna anayenihimiza. Kitambaa kimetandazwa, kizima bado. Mstari mmoja umeanza kunirudia, nadhani. Nadhani tu. Nimemwita Nikuze aje asimame upande wangu, aniambie pale pale nikikosea.